Machipukizi ya choroko, dengu na kunde: maswali ninayoulizwa kila wiki kuhusu antioksidanti

Naotesha machipukizi nyumbani, Nyegezi jijini Mwanza, kwenye ndoo nane nilizozitoboa matundu chini. Wateja wengi ni wa Igoma, Buhongwa na katikati ya mji. Wachache hunitumia ujumbe kutoka Sengerema na Ukerewe. Tangu neno "antioksidanti" lianze kusikika kwenye redio na makundi ya simu, maswali yamekuwa mengi kuliko oda. Nimekusanya yale yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa sababu hayadai zaidi.

Hizo antioksidanti ni kitu gani?

Kata biringanya uliache mezani. Baada ya muda nyama yake inageuka kahawia. Kata jingine ulikamulie ndimu, litachelewa kubadilika. Hewa ya oksijeni inalishambulia biringanya, na vitamini C iliyomo kwenye ndimu inasaidia kuzuia shambulio hilo. Vitamini C ni moja ya antioksidanti.

Ndani ya mwili nako kuna mashambulizi ya namna hiyo. Chakula kinapochomwa kutupatia nguvu, tunapovuta moshi wa mkaa, tunapougua, huzaliwa chembe zisizotulia ambazo zikizidi huharibu kuta za seli na vilivyomo. Mwili una kinga yake, na chakula huongezea: vitamini C, vitamini E, karotenoidi zinazoipa karoti rangi, na ukoo mkubwa unaoitwa fenoli. Fenoli unazijua kwa ulimi. Ule ukakasi wa chai iliyokolea majani, au wa ganda la kunde nyekundu, ndio zenyewe.

Kwa nini mbegu ikichipua ziongezeke? Si mbegu ileile?

Ileile, ila imeamka. Bibi zetu walilijua jambo hili kupitia kimea: mtama au ulezi ukilowekwa, ukaoteshwa na kuanikwa, unga wake unalainisha uji na kuutia utamu ambao nafaka kavu haina. Ndani ya mbegu vimeng'enya vimeanza kazi.

Kwenye jamii ya kunde, badiliko lililo wazi kuliko yote ni vitamini C. Choroko kavu karibu haina kabisa. Ikichipua inaitengeneza yenyewe, na gramu 100 za machipukizi mabichi ya choroko huwa na miligramu 13 hivi. Si habari ya juzi. Mwaka 1912 Valentin Fürst wa Norway alionyesha kwamba nafaka na kunde kavu haziwakingi simbilisi dhidi ya kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, lakini zikichipua zinawakinga. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanajeshi wa Serbia waliougua kiseyeye walilishwa maharage yaliyochipushwa na wakapata nafuu, na mwaka 1919 Harriette Chick na Ellen Marion Delf, jijini London, walichapisha vipimo vyao vya nguvu ya mbegu zilizochipua. Vitamini C yenyewe ilikuwa bado haijatambuliwa kikemia.

Fenoli zina hadithi tofauti. Mche mchanga hauna miguu ya kukimbia ukungu, jua wala ukame, kwa hiyo hujihami kwa kutengeneza kemikali. Huchukua asidi amino iitwayo fenilalanini, kimeng'enya fulani huibadilisha, na kutoka hapo fenoli za kila aina hujengwa. Mche ukihisi hatari kidogo, kazi hiyo huongezeka. Mbinu zote nitakazozieleza huko chini zinatokana na sentensi hiyo.

Usishangae hata hivyo ukisoma kwamba siku ya kwanza fenoli zilipungua. Sehemu yake hutoka na maji ya kuloweka. Kuongezeka huanza baadaye, kwa kawaida kuanzia siku ya pili au ya tatu.

Nichague mbegu gani sokoni?

Anza na choroko. Kanda ya Ziwa tuna bahati: choroko na dengu zinalimwa hapa hapa, na dengu hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga wa Kwimba, Misungwi na kuelekea Shinyanga, zikipandwa mvua zinapoishia na kukomaa kwa unyevu uliobaki ardhini. Kwa hiyo unaweza kupata za msimu huu, zisizokaa ghalani miaka miwili. Mbegu kongwe huchipua kwa shida, na ile isiyochipua ndiyo huanza kuoza na kuambukiza wenzake.

Kama unatafuta fenoli, nenda kwenye rangi. Ganda ndilo lenye hazina kubwa: kwenye choroko, fenoli mbili za kundi la flavonoidi zinazotajwa sana, viteksini na isoviteksini, zimejaa zaidi kwenye ganda la kijani. Kunde nyekundu au nyeusi huizidi nyeupe. Dengu zetu ndogo za kahawia huzizidi zile kubwa nyeupe. Kwa hiyo ukikaa unasugua machipukizi mpaka maganda yote yatoke ili yapendeze, unamwaga ulichokitafuta. Mimi huondoa yale yanayoelea tu.

Zilizobunguliwa ziache. Na ukiwa na mbegu za rangi ya waridi au kijani kinachong'aa kutoka duka la pembejeo, hizo zimepakwa dawa ya kupandia shambani. Haziliwi, hata ukiziosha mara kumi. Hali kadhalika choroko zilizohifadhiwa kwa dawa ya vumbi: muulize muuzaji bila aibu. Mwenye mzigo safi hakasiriki.

Dada, nipe hatua za kuyaotesha, halafu uniambie pa kuongezea hizo antioksidanti.

Pima kikombe kimoja cha choroko, chagua mawe na mbegu zilizovunjika, osha mpaka maji yawe meupe. Loweka saa 8 hivi kwenye maji mengi, kisha mwaga maji hayo. Usiloweke mchana na usiku. Mbegu hukosa hewa na hazina yake inazidi kutoka. Weka kwenye ndoo au chujio lenye matundu, funika kwa kitambaa safi cheusi, weka mahali penye kivuli na hewa. Suuza mara 3 au 4 kwa siku na uache maji yachuruzike yote. Kwa hali yetu ya Mwanza, ambapo ziwa linatusaidia joto lisipande sana wala kushuka sana, mikia huonekana siku ya pili na siku ya tatu mzigo uko tayari.

Pa kuongezea ni mwisho wa siku ya pili. Kabla ya hapo mche ni mchanga mno, ukiuchokoza unadumaa. Vichokozi ninavyovitumia ni vitatu, na sivitumii vyote kwa pamoja.

Mwanga ndio wa kwanza, na kama utafanya kimoja tu, fanya huo. Machipukizi ya gizani ni meupe, marefu, laini. Ukiyatoa gizani na kuyaweka karibu na dirisha kwa saa 12 hadi 24 za mwisho, yanaanza kuwa kijani, na karotenoidi, vitamini C na fenoli huongezeka. Nasema dirishani, sisemi juani. Masika yangu ya kwanza niliweka trei nzima kibarazani, jua likatoka ghafla saa saba mchana, na nilipotoka nje nilikuta nimepika bila moto. Jua la asubuhi mpaka saa tatu linatosha, baada ya hapo kivuli chenye mwanga.

Cha pili ni chumvi. Nusu kijiko cha chai, yaani gramu 3 hivi, kwenye lita moja ya maji, mara moja au mbili za kusuuza siku ya pili jioni, halafu urudi kwenye maji matupu. Mche unahisi kama ardhi imekuwa na chumvi na kuanza kujihami. Ukizidisha, unagoma kukua. Majibu hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, kwa hiyo jaribu kikombe kimoja kwanza.

Cha tatu ni baridi au joto la muda mfupi. Mjini Lublin, Poland, watafiti wamefanya kazi nyingi kwenye machipukizi ya adesi, ikiwemo kuyapitisha kwenye nyuzi 4 au nyuzi 40 za Selsiasi kwa saa moja hivi, kisha kuyarudisha kwenye joto la kawaida. Kwetu njia ya baridi ndiyo rahisi: saa moja kwenye friji, mlango ukiwa umefungwa na umeme ukiwepo. Hilo la umeme silisemi kwa mzaha.

Unapotumia vichokozi, ladha haibadiliki?

Inabadilika. Kitu kilekile unachokitafuta ndicho chenye ukakasi na uchungu kidogo. Machipukizi yaliyopata mwanga yana uchungu, ni mafupi na yana nyuzi zaidi. Wateja wangu wa migahawa wanataka meupe na marefu. Wa nyumbani wanaonunua kwa ajili ya afya wanataka ya kijani. Naotesha ya aina zote mbili na ndoo nimeziandika.

Nimeona wanasema yana antioksidanti mara tano ya maharage ya kawaida. Kweli?

Uliza swali moja: mara tano kwa uzito upi? Machipukizi ya choroko ni maji kwa asilimia 90 hivi. Maabara nyingi hukausha kwanza ndipo wapime, na namba zao ni za gramu kavu. Wewe huli yakiwa makavu. Gramu 100 sahanini kwako zina gramu 10 tu za kitu kikavu. Protini inaonyesha vizuri zaidi: choroko kavu ina gramu 24 hivi kwa kila gramu 100, machipukizi mabichi yana 3. Mtu anayeacha kula choroko za kuchemsha akidhani machipukizi yanazishinda kwa kila kitu amejipunja.

Halafu kuna namna ya kupima. Vipimo vya maabara huangalia jinsi kimiminika kinavyotuliza chembe ndani ya kichupa. Tumboni mambo ni mengine. Fenoli nyingi hufyonzwa kidogo na hubadilishwa kabla ya kuingia kwenye damu. Marekani, Wizara ya Kilimo ilikuwa na orodha maarufu ya vyakula na alama zake za kipimo kiitwacho ORAC, na mwaka 2012 ikaiondoa kwa sababu wauzaji wa bidhaa waliitumia vibaya na alama zile hazikuonyesha faida mwilini. Mimi ni muuzaji, na hilo nalikumbuka ninapoandika bango.

Kwa vitamini C hesabu ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani na FAO walipendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Bakuli la gramu 100 la machipukizi mabichi linakupa zaidi ya robo. Pera moja lililoiva linakupa yote na linabakiza. Kwa hiyo kama mti wa mapera uko uani, usiudharau kwa sababu ya ndoo zangu.

Nikiyapika si zinakufa zote?

Hazifi zote. Zinazopotea sana ni vitamini C, na zinapotea kwa njia mbili: joto, na maji unayoyamwaga. Fenoli huvumilia moto zaidi, ila nazo hukimbilia kwenye maji. Ukichemsha dakika 15 kwenye sufuria iliyojaa na kumwaga supu, kazi yako ya siku tatu imeenda kwenye karo. Pika kwa mvuke, au kaanga haraka kwa mafuta kidogo, kitunguu na nyanya, sufuria ikiwa imefunikwa, mpaka yawe ya moto kabisa mpaka katikati na mvuke unatoka. Au yatie kwenye mchuzi wa dagaa mwishoni, na mchuzi uliwe.

Naweza kutia magadi yaive haraka?

Hapana, tafadhali. Magadi huharibu vitamini C upesi kuliko moto wenyewe. Niliwahi kupeleka kilo nne za machipukizi ya kijani kwenye mgahawa mmoja mjini, nimeyachokoza kwa mwanga, nimeyasuuza usiku wa manane. Nikapita mchana kula, nikakuta yamechemshwa kwa magadi mpaka yamekuwa rojo. Nililipa sahani yangu nikanyamaza. Machipukizi huiva kwa dakika chache. Hayana ugumu wa kuhitaji magadi. Tumia ndimu badala yake, baada ya kuepua.

Yanaongeza damu?

Yanasaidia kwa njia ya mzunguko. Madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde hufungwa na kitu kiitwacho fitati, na mbegu inapochipua sehemu ya fitati huvunjwa. Vitamini C nayo husaidia chuma kufyonzwa. Dagaa wakiwa sahani moja wanasaidia zaidi. Kinachoharibu ni chai ya rangi tunayoinywa juu ya mlo. Fenoli zake hushika chuma kikapita bila kufyonzwa, na hapo ndipo unaona kwamba antioksidanti si rafiki wa kila kitu wakati wote. Hata zile za kwenye maganda meusi ya kunde hufanya hivyo kwa kiasi. Chai isogeze mbele saa moja au mbili. Mwenye upungufu wa damu aende kupimwa, kwani sababu ni nyingi na malaria na minyoo ni miongoni mwake.

Yanatibu kisukari, presha au saratani?

Hayatibu. Ni mboga.

Mtu mmoja nimwongezee neno: anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mfano mwenye vali ya bandia ya moyo anayehudhuria kliniki Bugando. Machipukizi yana vitamini K, na ukiyala leo bakuli zima kisha wiki mbili hujayagusa, kipimo chako cha damu kitayumba. Mweleze daktari wako unakula nini.

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Nimpe mabichi?

Usimpe. Mjamzito, mzee sana, mtoto mdogo, mtu mwenye VVU au anayetumia dawa za saratani, wote wale yaliyoiva vizuri tu.

Sababu yake nataka niieleze kwa urefu, kwa kuwa kwenye habari za antioksidanti watu huiruka. Joto, unyevu, giza na chakula vinavyoamsha mbegu ndivyo vinavyowalea bakteria. Mbegu ikiwa na vimelea vichache mkunjoni mwa ganda, siku ya tatu ni mamilioni, na huoni wala husikii harufu. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa bakteria wa E. koli, watu karibu 4,000 wakaugua na zaidi ya 50 wakafa. Chanzo kilikuwa machipukizi, na uchunguzi ukafuata nyayo mpaka kwenye mbegu za uwatu. Ndiyo, uwatu huuhuu tunaoununua kwa wauza viungo. Na huko walikuwa na maji safi na friji kila mahali.

Kwa hiyo: maji yaliyochemshwa na kupoa, au ya bomba, kamwe si ya kuchota ziwani moja kwa moja. Ndoo ioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila baada ya mzigo. Mikono, kucha. Anayehara asiguse ndoo. Kwa wanaouza, kuna njia ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa: unaipasha mpaka nyuzi 60, unatumbukiza mbegu dakika 5 kwenye kichujio, kisha unasuuza kwa maji yanayotiririka. Inahitaji kipimajoto cha kweli, si kidole. Inapunguza hatari, haiifuti. Hata baada ya hayo yote, mimi mwenyewe nayala yakiwa yamepita motoni, na wateja nawaambia hivyo hivyo hata wanaponiona mkali.

Maharage mekundu je? Soya? Fiwi?

Maharage yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache, na kuchipua hakuiondoi yote. Ukiyachipusha, lazima yachemke kwelikweli kama maharage ya kawaida, si kukaanga dakika mbili. Soya nayo ipikwe. Fiwi, kwa anayeanza, aziache kabisa. Choroko, dengu, kunde na adesi zinakutosha.

Yanakaa siku ngapi?

Kwenye friji, siku 3 hadi 4, yakiwa yamekauka maji ya juu na yako kwenye chombo chenye nafasi ya hewa. Vitamini C inashuka kila siku hata kama bado yanapendeza. Bila friji, otesha kidogo kidogo: kikombe leo, kikombe keshokutwa, upike siku hiyohiyo. Yakiteleza mkononi au yakinuka kama maji ya mtaro, mwaga.

Kilo moja ya choroko inatoa kilo ngapi?

Ya mikia mifupi ya siku mbili, 2 hadi 3. Ukifika siku ya nne au ya tano kwa mashina marefu meupe, kilo 5 mpaka 8. Ya kijani yaliyochokozwa kwa mwanga na chumvi hutoa uzito mdogo kuliko hayo, na ndiyo maana nayauza ghali kidogo. Uzito ule mwingine mnaoukosa ni maji.

Yaliyoharibika niwape kuku?

Yaliyosinyaa tu, sawa. Yenye ukungu, hapana, ukungu huumiza ini na kuku naye ana ini. Mimi huyafukia kwenye tuta la mchicha, na maji ya kuloweka yanaenda kwenye mgomba ulio nyuma ya choo. Umeshazaa mikungu miwili.